Fomu Kumi Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Fundi Pima alikuwa na kazi moja ambayo hakutumwa na mtu. Alifuta meza kwa kitambaa. Alitoa kalamu, muhuri na kidau cha wino. Kisha alitia sahihi fomu kumi tupu, akazigonga muhuri moja baada ya nyingine, go, go, go, mpaka paka akatoka chini ya kiti na kwenda kutafuta amani uani.

Fomu hizo zilikuwa za ukaguzi wa umeme. Mtu akijenga, shirika la umeme haliungi waya mpaka lipate fomu hiyo. Fomu yenyewe inasema hivi: mimi, fundi mwenye leseni, nimepima nyaya za jengo hili na nimezikuta salama. Chini pana nafasi ya sahihi. Ni karatasi moja tu, lakini bila hiyo hata taa ya chooni haiwaki.

Sasa utauliza, kwa nini alizitia sahihi kabla ya kupima? Tusimwonee. Hakuwa tapeli. Mwaka mmoja aliuangusha muhuri wake ndani ya dari ya watu, akautafuta siku mbili, akashuka amejaa vumbi na utando wa buibui kichwa kizima. Tangu hapo muhuri haukutoka nyumbani. Fomu zilikaa tayari ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati la vyombo. Akienda kazini alichukua moja, akapima jengo, akajaza fomu, akaipeleka. Aliona ameokoa muda.

Na kupima, alipima kweli. Jina la Pima alipewa na wateja. Ukimwomba abadilishe balbu, atakuambia tupime kwanza. Mke wake, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa sebuleni, alikuwa akimtania mbele ya wageni. Alisema siku ya kuja kumposa, bwana huyu alimkodolea macho muda mrefu hata akadhani atatoa kile kipimo chake mfukoni.

Posa yenyewe haikuwa rahisi. Ukoo wa mke uligoma. Walisema hawamwozi binti yao mtu wa kupanda nguzo, kesho arudi nyumbani mjane. Aliyesimama akamtetea ni kaka mkubwa wa mke. Alisema anamjua kijana huyu, ana adabu na anaipenda kazi yake. Ukoo ukalegea, posa ikakubaliwa. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, lakini Fundi Pima hakusahau. Kwa shemeji yake huyo alikuwa hana la kukataa.

Shemeji alikuwa amestaafu. Nyumba yake ya nyuma aliigeuza chekechea. Alipaka kuta rangi ya manjano, akanunua viti vidogo, akaajiri mwalimu. Kazi ya kufunga nyaya alimpa fundi mwingine, kwa sababu Fundi Pima alikuwa amebanwa na jengo la kiwanda cha mikate. Lakini kupima, shemeji alisema, atapima Fundi Pima mwenyewe, mtu wa nyumbani. Fundi Pima alikubali. Aliomba wiki moja tu amalizane na kiwanda.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alipitia pale kumwambia shemeji kwamba nafasi imepatikana. Alikuta geti liko wazi. Alikuta watoto kama thelathini uani. Alikuta na feni inazunguka dirishani.

Fundi Pima alisimama. Feni haizunguki kwa kupulizwa na mdomo. Umeme ulikuwa umeshaunganishwa.

Kando ya ukuta palikuwa na bomba la chuma, na watoto walikuwa wamepanga mstari hapo. Mmoja aligusa bomba, akarudisha mkono haraka, akacheka mpaka akainama. Aliyefuata akamsukuma, naye aguse. Mwalimu aliwakemea wasichezee maji. Fundi Pima alitabasamu akapita. Watoto ni watoto, alijisemea. Akili yake ilikuwa kwenye ile feni.

Shemeji alikuwa ofisini anapanga vitabu vya picha. Alimkaribisha kwa furaha. Fundi Pima aliuliza nani amepima jengo. Shemeji akacheka, akamwambia asijisumbue, mambo yamekwisha. Fomu ilipelekwa wiki iliyopita na watu wa shirika wameunga Ijumaa. Watoto wameanza Jumatatu kama wazazi walivyoahidiwa.

"Fomu gani?" aliuliza Fundi Pima.

Shemeji alivuta droo akatoa nakala. Sahihi ilikuwa ya Fundi Pima. Muhuri ulikuwa wa Fundi Pima. Maandishi ya katikati, yale yanayosema nyaya zimepimwa na ni salama, yalikuwa ya shemeji, kwa mwandiko wake mzuri wa karani.

Fundi Pima aliisogeza nakala kwenye mwanga. Aliuliza karatasi hii imetoka wapi. Shemeji alitazama pembeni kidogo. Alisema aliichukua kwenye mkebe siku aliyopita kunywa chai. Akaongeza kwamba hakuona ubaya. Fundi aliyefunga nyaya ni mzoefu, na shemeji yake angepima tu siku moja, leo au kesho.

"Nimekupunguzia kazi," alisema. "Watu tunaaminiana."

Fundi Pima alirudisha nakala mezani. Alisema atarudi watoto wakishaondoka.

Saa nane mchana alirudi na kipimo chake. Alianza na soketi, zote zilikuwa sawa. Akaja kwenye swichi, nazo sawa. Shemeji alikuwa nyuma yake, kila kitu kikiwa sawa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua tangu zamani. Ikabaki ethi.

Ethi ni waya unaounganisha vyuma vyote vya jengo na nondo ya shaba iliyozikwa ardhini. Umeme ukivuja mahali, unashuka ardhini kwa njia hiyo, na swichi kuu inajizima yenyewe. Ethi ikiwa mbovu, umeme uliovuja hauendi popote. Unakaa pale pale kwenye chuma, unamngoja mtu aje aguse.

Fundi Pima aliunga kipimo. Namba ikapanda kuliko inavyotakiwa, ikazidi kupanda. Akabadilisha waya wa kipimo, akapima tena. Namba ikawa ile ile. Akaenda nyuma ya nyumba ilipozikwa nondo. Aliitikisa kwa vidole viwili, ikacheza kama jino bovu. Akachimbua udongo kwa bisibisi. Nondo ile, ambayo ilipaswa kuzama ardhini kumzidi mtu mzima kimo, haikufika hata urefu wa mwiko. Fundi aliyefunga alikutana na mwamba. Badala ya kuhamia mahali pengine, alikata nondo kwa msumeno, akafukia kipande, akaenda zake.

Fundi Pima alimweleza shemeji yote bila kupunguza. Uso wa shemeji ulinywea. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitaki umchukie. Alikuwa mtu aliyeahidi Jumatatu. Alisema atamwita yule fundi Jumamosi, atoboe mahali pengine, azike nondo nzima. Fundi Pima akamwambia azime umeme mpaka hapo. Shemeji akauliza maji yatapandaje bila pampu. Vyoo vya watoto thelathini bila maji? Hilo nalo lilikuwa swali la maana.

"Siku mbili tu, shemeji," alisema. "Kesho na keshokutwa. Jumamosi tunarekebisha, unapima, fomu inakuwa ya kweli. Ukienda kusema ofisi ya ukaguzi watatukatia umeme, wazazi watawaondoa watoto, na wewe leseni yako hiyo wataichukua. Nani atafaidika?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hapendi kumkumbusha mtu mambo ya zamani. Na kwa kusema hivyo akawa ameshamkumbusha.

Fundi Pima aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Njia nzima alikuwa anajipigia hesabu kichwani. Siku mbili si nyingi. Soketi zote nzuri. Hakuna kilichovuja, pengine hakitavuja. Akirekebisha kimyakimya hakuna atakayeumia, wala yeye, wala shemeji, wala watoto. Mtu akitaka kujishawishi hakosi maneno.

Karakana yake ilipakana na duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mfamasia wa makamo, mtaa mzima ulimwita Mama Vidonge, naye aliitikia. Jioni ile, saa kumi na moja, hakukuwa na mteja. Fundi Pima aliegemea kaunta akaanza kusimulia. Alisema kuna fundi mmoja rafiki yake yamemkuta mambo. Akaeleza habari ya fomu, ya nondo, ya shemeji wa huyo rafiki.

Mama Vidonge alisikiliza huku akipanga maboksi. Mwisho aliuliza huyo rafiki yake anavaa shati la bluu lililochanika mfukoni kama hilo? Fundi Pima alishika mfuko wake, akacheka kidogo kwa aibu. Mchezo wa rafiki ukaishia hapo.

Mama Vidonge hakumlaumu. Alivuta kigoda akamkalisha, akamwambia mambo kama haya hata yeye yanamjia dukani. Mama mkwe wake alitaka dawa za usingizi bila cheti cha daktari. Alikataa. Mkwe akanuna miezi miwili, akawa anapita nje ya duka amegeuza shingo. Lakini dawa zile, pamoja na zile za presha alizokuwa anatumia, zingeweza kumuua. Yeye mkwe hakulijua hilo. Ndiyo maana palihitajika mtu anayejua, na mtu huyo asiwe na haya ya kukataa.

"Mzazi hawezi kuchungulia ndani ya ukuta," alisema. "Anaangalia umeme umewaka, anamwacha mtoto. Anajua yupo mtu aliyepima. Mtu huyo ni wewe. Sahihi yako si ya kumpendeza shemeji yako. Ni ya yule mzazi."

Fundi Pima alisema lakini shemeji amemtendea wema mkubwa. Mama Vidonge akakubali. Akasema hapo ndipo penye mtego. Mtu akikagua kazi ya ndugu, jicho moja linafumba lenyewe bila yeye kutaka. Alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza ni kusema, shemeji, mimi na wewe ni ndugu, mtafute fundi mwingine akupimie. Angekataa kwa heshima, na wala wasingegombana.

"Na sasa?" aliuliza Fundi Pima.

"Sasa ondoa hatari kwanza, mengine yafuate. Halafu nenda kaseme mwenyewe kabla hujaitwa. Useme yote, hata lile la kwako. Ukitaka kujua kama jambo linafaa, fikiria wale wazazi wamekaa mbele yako. Unaweza kuwaambia kwamba unangoja mpaka Jumamosi?"

Fundi Pima aliinama akaangalia viatu vyake. Hakuweza kuwaambia hivyo hata wale wa kufikirika.

Alifika nyumbani amechoka. Mke wake alikuwa anamalizia sare, cherehani inakwenda. Fundi Pima alikaa mezani, mahali pale pale pa Jumapili, akachukua karatasi kuandika barua ya ofisi ya ukaguzi. Aliandika kwamba fomu yake moja iliibwa na mtu akaitumia bila yeye kujua. Aliisoma kwa sauti asikie ilivyokaa. Ilikaa vizuri. Lawama zote zilikuwa kwa mtu mwingine.

Cherehani ilinyamaza.

"Hakuiba," alisema mke wake. "Mimi ndiye niliyempa."

Fundi Pima aligeuka.

Mke alieleza taratibu, mikono juu ya kitambaa. Kaka yake alikuja akamkosa Pima, akasema ana haraka na fomu. Yeye akapanda kiti, akateremsha mkebe, akampa. Kumbe kaka amejitwisha mzigo ili kumficha dada yake.

"Ilikuwa imeshatiwa sahihi," alisema. "Nikajua umeshakubali. Mtu anatiaje sahihi kitu ambacho hajakikubali?"

Fundi Pima aliutazama mkebe juu ya kabati. Kila Jumapili mke wake huyu alimwona akigonga muhuri mezani, na hakuwahi kumweleza kwamba zile sahihi bado hazina maana. Na kweli, zilikuwa na maana. Zilisema nimepima. Zilisema uongo wiki nzima ndani ya mkebe, zikingoja ukweli uje uzikute. Mara hii haukuja.

Aliichana barua ile vipande vinne. Mke alikuwa amefadhaika, machozi yanamlengalenga. Aliposimuliwa habari ya nondo, aliuliza ikiwa fupi ina madhara gani hasa, yeye anaelewa nyuzi za kushonea, si za umeme. Fundi Pima akamweleza kama unavyomweleza mtu nyumbani. Tuseme pampu imeanza kuvujisha umeme. Umeme unaingia kwenye bomba. Ethi hakuna. Mtoto anashika bomba.

"Anakufa?"

"Ukiwa mwingi, ndiyo. Ukiwa kidogo anasikia kama anatekenywa tu, anarudisha mkono..."

Hakumaliza. Aliwaona wale watoto kwenye mstari. Alimwona aliyegusa akarudisha mkono, akacheka mpaka akainama. Alimwona aliyefuata akimsukuma mwenzake ili naye atekenywe. Yeye, Fundi Pima, mpima kila kitu, alipita pale akatabasamu.

Aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Mke hakuuliza zaidi, alivaa kanga yake begani wakatoka wote wawili.

Bado palikuwa na mwanga kidogo walipofika. Shemeji alikuwa anafagia darasa. Fundi Pima hakusalimia vizuri, aliomba pampu iwashwe. Ilikuwa imezimika mchana kwa sababu tangi lilijaa, ndiyo maana hakuona kitu alipopima. Shemeji akabonyeza swichi, pampu ikanguruma. Fundi Pima akagusisha ncha ya kipimo kwenye bomba la watoto. Taa nyekundu ya kipimo ikawaka.

Shemeji, kwa kutoamini, alinyoosha mkono aguse. Fundi Pima aliudaka mkono ule hewani akaushikilia.

Fundi Pima alizima swichi kuu. Alifunga sanduku la umeme kwa kufuli yake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni. Shemeji alikaa kwenye kiti kidogo cha chekechea, magoti yamemfika kifuani.

"Na mimi niliwaona wakicheka," alisema. "Tangu Jumatatu."

Dada yake alikwenda akasimama karibu naye, akamwekea mkono begani. Alimwambia kwamba yeye ameshamweleza mumewe ukweli, asimfiche tena. Shemeji alitikisa kichwa. Bado alimwomba Fundi Pima aandike kuwa fomu iliibwa. Yeye ni mzee, alisema, hana leseni ya kupoteza. Wamwache abebe.

Hapo ndipo pagumu zaidi katika hadithi hii. Kumkatalia mtu ombi lake ni kugumu, lakini kumkatalia anayetaka kukuokoa ni kugumu zaidi. Fundi Pima alimshukuru. Alisema hawezi. Akiandika kwamba iliibwa, Jumapili ijayo atagonga mihuri tena kwa amani, na siku moja fomu nyingine itatoka kwenye mkebe ule kwa mlango mwingine.

Asubuhi shemeji alisimama getini mwenyewe, akawarudisha watoto na wazazi wao mmoja mmoja. Aliwaambia sababu bila kuzungukazunguka. Baadhi walifoka. Mama mmoja alikaa chini kwenye ngazi akamkumbatia mtoto wake, akakaa hivyo muda mrefu.

Fundi Pima alikwenda ofisi ya ukaguzi na mkebe wa biskuti kwapani. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa miwani, mkimya, anayesoma kila mstari mara mbili. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba fundi hutia sahihi fomu kabla ya kupima, kwamba moja imetumika kwenye jengo la shemeji yake ambalo hakulipima, kwamba mke wake ndiye aliyeitoa bila kujua maana yake, na kwamba jengo lina hatari na limezimwa.

Mkaguzi aliuliza nani amelalamika. Fundi Pima akasema hakuna. Mkaguzi akavua miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Alifungua mkebe, akatoa fomu zilizobaki, akazigonga zote neno moja: batili. Kisha akaeleza kitakachofuata. Chekechea itarekebishwa na kupimwa na fundi asiye na undugu na mwenye jengo. Majengo yote ambayo Fundi Pima aliyatilia sahihi mwaka ule yatapimwa upya. Na leseni yake inasimamishwa miezi mitatu.

"Habari hii ningeipata kwa mtu mwingine," alisema mkaguzi, "ungekuwa umeifuata leseni mahakamani. Au tungekuwa tunaongea msibani."

Miezi mitatu ilikuwa mirefu. Fundi Pima alifanya kazi chini ya fundi mwenzake, akimbebea ngazi kama siku zile anajifunza. Watu walimtania kwamba sasa yeye ndiye anayepimwa. Wateja wengine walihama. Majengo yake yalipopimwa upya, yote yalikutwa sawa isipokuwa soketi moja iliyolegea kwenye duka la viatu. Habari hiyo ilienea mtaani polepole, bila tarumbeta, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Siku hizi muhuri anatembea nao, ameufunga kwa kamba kwenye mkoba wa vifaa. Anapima, anajaza, ndipo anatia sahihi, pale pale, mwenye jengo akimwona. Na mwenye jengo akiwa ndugu, anampa namba ya fundi mwingine. Mkebe wa biskuti mke wake anawekea vifungo.

Lakini siku anayoisimulia mwenyewe si ile aliyorudishiwa leseni. Ni siku chekechea ilipofunguliwa tena.

Ilikuwa siku tisa baada ya umeme kuzimwa. Nondo mpya ya shaba ilikuwa imezikwa nzima, upande wa pili wa nyumba ambako hakuna mwamba. Pampu ilibadilishwa. Fundi mwingine alipima, mkaguzi akapima juu yake. Wazazi wanne hawakurudi, na hakuna aliyewalaumu. Wengine wote walirudi. Baba mmoja alisema mahali wanapokuambia ukweli getini, ndipo pa kumwacha mtoto.

Fundi Pima alisimama kando ya ukuta na shemeji yake. Watoto walikimbilia bomba kabla hata ya kuvua mikoba. Wakapanga mstari wao. Wa mbele alikuwa msichana mdogo, kibandiko cha ua shavuni. Aligusa bomba kwa kidole. Akangoja. Aligusa kwa kiganja. Akalishika kwa mikono yote miwili, akakaza, uso umejaa mashaka.

Kisha akamgeukia mwalimu, amekasirika kweli.

"Mwalimu, bomba limeharibika. Halitekenyi tena."

Wenzake wakajaribu, wakakubaliana naye kwamba limeharibika kabisa. Walinung'unika kidogo, wakanawa mikono, wakaenda kucheza mchezo mwingine. Shemeji alitoa leso akajifuta uso. Fundi Pima alikwenda bombani, akafunga maji waliyoyaacha yanatiririka.